Rangi Ambayo Haikuwa Kwenye Filamu

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa nahangaika na picha ya setilaiti ya Dar es Salaam. Utafiti wangu ni wa mikoko ya pwani, lakini kabla ya kuifikia mikoko lazima uikague picha nzima, na ndipo nilipokutana na kituko. Jirani na uwanja wa ndege kulikuwa na vindege vitatu vimefuatana: kimoja cha bluu, kimoja cha kijani, kimoja chekundu. Nikajua nimekosea kupanga tabaka za picha. Nikarudia kazi yote kuanzia mwanzo. Siku mbili zikapotea, na vindege vikabaki palepale. Mwishowe nikampelekea msimamizi wangu. Akaangalia kidogo tu, akacheka, akasema: "Ndege ni moja hiyo. Picha ndizo tatu."

Maana yake ilikuwa hivi. Setilaiti haipigi picha ya rangi kama wengi tunavyodhani. Inapima mwanga mwekundu peke yake, wa kijani peke yake na wa bluu peke yake, na kila kipimo ni picha ya kijivu tu. Rangi inakuja baadaye, pale kompyuta inapozilaza picha hizo tatu moja juu ya nyingine. Kwenye Sentinel-2, setilaiti niliyokuwa natumia, vipimo hivyo havifanyiki kwa wakati mmoja. Kati ya bluu na nyekundu inapita kama sekunde moja. Mikoko haiendi popote ndani ya sekunde moja. Lakini ndege inayokuja kutua kwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde imeshasogea mita 80, na kwa kuwa pikseli moja ya picha ile ni mita 10, hizo ni pikseli nane. Kila rangi inaikuta ndege mahali pengine.

Nilipoanza kusoma zaidi nikagundua kwamba kituko changu kina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1912 watu wa London walinunua tiketi, wakavaa vizuri, wakaenda kukaa saa mbili na nusu mbele yake. Hawakuwa wameenda kuangalia kituko, bila shaka. Walienda kuona habari za dunia zikiwa na rangi zake, na wengi wao ilikuwa mara ya kwanza. Leo nataka nikueleze walichokiona, kilivyofanya kazi, na kwa nini rangi ile ilipotea karibu yote. Siri yake ni moja, nayo ndiyo ileile aliyonipa msimamizi wangu: rangi haikuwa kwenye filamu.

Rangi ya kupaka

Turudi nyuma kidogo. Sinema ya kulipia ilianza miaka ya 1890, na filamu yake ilikuwa ya weusi na weupe. Lakini usidhani watazamaji wa zamani waliona kijivu tu. Rangi ilikuwepo tangu mapema, ila ilikuwa ya kupakwa. Wengine walichovya kipande kizima cha filamu kwenye rangi: bluu kwa usiku, nyekundu kwa moto. Wengine walipaka kwa brashi, fremu moja baada ya nyingine, na fremu yenyewe haina upana wa vidole viwili. Kampuni ya Pathé ya Ufaransa ikaja na mbinu ya kukata matundu kwenye ukanda mwingine wa filamu na kupitishia rangi hapo, kama anavyofanya fundi anayeandika namba ubavuni mwa gari kwa kutumia kibao kilichotobolewa. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake wengi kiwandani.

Kwa hadithi za majini na malkia, rangi ya kupaka inatosha kabisa. Kwa habari, hapana. Mpakaji aliyeko Paris hajui gauni la mama aliyepita barabarani lilikuwa la rangi gani. Anabuni. Na mtu anayekwenda kuangalia filamu ya habari anaenda kwa sababu moja: anataka kuamini kwamba anachokiona kilikuwa hivyo. Kwa hiyo swali la wakati ule lilikuwa gumu kuliko "tutapataje rangi?" Lilikuwa: tutaifanyaje kamera yenyewe iandike rangi, bila mkono wa mtu kuingilia?

Filamu isiyoona nyekundu

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba filamu ya siku zile ilikuwa na upofu wa aina yake. Kemikali za fedha zilizopakwa juu yake ziliitikia vizuri mwanga wa bluu, kwa kiasi fulani wa kijani, na karibu haziuoni kabisa mwekundu. Ndiyo maana kwenye filamu za zamani midomo ya waigizaji inaonekana myeusi na anga linaonekana jeupe tupu. Huwezi kuandika rangi kwa wino ambao hauishiki nyekundu.

Mwaka 1899 Waingereza wawili, Edward Raymond Turner na Frederick Marshall Lee, walisajili hataza ya mfumo wa rangi tatu. Kamera ilipiga picha moja kupitia kichujio chekundu, inayofuata kupitia cha kijani, inayofuata kupitia cha bluu. Kichujio hapa ni kipande chenye rangi kinachopitisha mwanga wa aina moja na kuzuia mwingine. Wakati wa kuonyesha, picha tatu zilirushwa ukutani kwa pamoja ili zilaliane. Kwenye karatasi ni wazo zuri mno. Kwenye ukuta, picha hazikukubali kulaliana. Zilicheza, zikaachana, zikamwumiza macho anayeangalia. Turner akafariki mwaka 1903 kazi haijakamilika.

Mtu aliyekuwa akiigharamia kazi hiyo wakati huo alikuwa Charles Urban, Mmarekani wa Cincinnati aliyehamia London mwaka 1897, mfanyabiashara wa filamu aliyeamini kwamba sinema ni ya kuonyesha ulimwengu jinsi ulivyo: wadudu, milima, meli, vita, sherehe. Urban akaipeleka kazi kwa George Albert Smith, mtengenezaji filamu wa pwani ya kusini ya Uingereza, eneo la Brighton. Smith alihangaika na rangi tatu, mwishowe akafanya uamuzi ambao ndio uliompa ushindi, na ndio pia uliokuja kumwangusha: akaitupa bluu. Abaki na mbili tu, nyekundu ya kuelekea chungwa na kijani. Akaiogesha filamu yake kwenye rangi za kemikali zilizoiwezesha kuona nyekundu, na mwaka 1906 akaomba hataza. Mfumo huo ukaitwa Kinemacolor.

Twende taratibu: ilifanyaje kazi?

Chukua kamera ya filamu ya kawaida. Mbele ya filamu weka gurudumu linalozunguka, lenye kichujio chekundu upande mmoja na cha kijani upande wa pili. Fremu ya kwanza inapigwa kupitia nyekundu, ya pili kupitia kijani, ya tatu nyekundu, ya nne kijani, na kuendelea. Filamu yenyewe ni ya weusi na weupe. Inabaki hivyo hadi mwisho.

Sasa tuseme mbele ya kamera kuna askari mwenye koti jekundu amesimama kwenye nyasi. Kwenye fremu ya kichujio chekundu, mwanga wa koti unapita, kwa hiyo kwenye nakala ya kuonyeshea sehemu ya koti inakuwa angavu. Kwenye fremu ya kijani, mwanga wa koti unazuiwa, kwa hiyo sehemu hiyo inakuwa nyeusi. Nyasi ni kinyume chake. Kilemba cheupe kinakuwa angavu kwenye fremu zote mbili, na kiatu cheusi kinakuwa cheusi kote.

Ukifika ukumbini, projekta nayo ina gurudumu lake la vichujio. Fremu ya kwanza inapita na mwanga mwekundu: koti linawaka jekundu. Fremu ya pili inapita na mwanga wa kijani: pale kwenye koti ni giza, lakini nyasi zinawaka. Kilemba kinawaka chekundu, kisha kijani, kisha chekundu. Na hapa ndipo jicho lako linapofanya kazi. Mabadiliko yakiwa ya kasi ya kutosha, jicho haliwezi kuyatenganisha, linayajumlisha. Nyekundu na kijani vikibadilishana haraka, kilemba kinaonekana cheupe, cheupe cha joto kidogo, na koti linabaki jekundu.

Kasi hiyo ilikuwa fremu 32 kwa sekunde, wakati sinema ya kawaida ilikuwa kama 16. Hii inamaanisha filamu maradufu. Kwenye ukanda wa milimita 35, fremu 16 zinachukua kama sentimita 30. Fremu 32 kwa sekunde ni sentimita 61, yaani zaidi ya mita 36 kwa dakika moja. Saa mbili na nusu za Kinemacolor ni zaidi ya kilomita tano za filamu.

Kama unaona nakudanganya kuhusu jicho, jaribu mwenyewe. Kata duara la kadi, paka nusu nyekundu na nusu kijani, choma njiti katikati, halafu lizungushe kama pia ukiwa juani. Nyekundu na kijani vitapotea na utaona rangi ya tatu, kitu kama njano iliyofifia, ambayo hukuipaka popote. Au chukua simu yako, fungua picha ya njano tupu, dondoshea tone dogo sana la maji kwenye kioo uangalie kupitia tone hilo. Hutaona nukta hata moja ya njano. Utaona nyekundu na kijani zimewashwa, na bluu imezimwa. Simu yako inatumia kanuni ileile ya Smith, isipokuwa yenyewe haikuitupa bluu.

Habari za zamani, rangi mpya

Tarehe 26 Februari 1909 Kinemacolor ilionyeshwa kwa umma unaolipa, kwenye ukumbi wa Palace jijini London. Zilikuwa filamu fupi. Baadaye zikafuata za matukio makubwa: mazishi ya Mfalme Edward VII mwaka 1910, kutawazwa kwa George V mwezi Juni 1911. Mwezi Aprili mwaka huohuo Urban akaukodi ukumbi wa Scala ili uwe makao ya Kinemacolor. Halafu ikaja safari ya Delhi.

Tarehe 12 Desemba 1911 Mfalme George V na Malkia Mary walikaa Delhi, mbele ya watawala wa India na maelfu ya askari, kwenye sherehe iliyoitwa Durbar. Huko ndiko ilikotangazwa kwamba makao makuu ya serikali ya kikoloni yanahama kutoka Calcutta kwenda Delhi. Kampuni kadhaa za filamu zilipeleka wapigapicha. Urban alikwenda mwenyewe na kikosi chake. Baadaye alisimulia kwamba aliogopa wapinzani wasije wakamharibia filamu zake, hivyo usiku alizificha chini ya ardhi ndani ya hema.

Filamu za weusi na weupe zilitangulia kufika London, nazo zikaonyeshwa mapema. Ile ya Urban ilianza kuonyeshwa Scala tarehe 2 Februari 1912, zaidi ya mwezi na nusu baada ya tukio. Kwa hesabu za wauza habari ilikuwa imeshachacha. Kila mtu alikuwa ameshasoma magazeti na kuona picha. Na bado watu wakajaa. Jukwaa lilipambwa kwa mfano wa Taj Mahal, kukawa na okestra ya watu 48 na kwaya ya watu 24. Mwezi Mei Mfalme na Malkia wenyewe wakaja ukumbini kujitazama.

Kumbe watu hawakuwa wanalipia habari. Habari walikuwa nayo. Walilipia hisia ya kuwepo pale, na rangi ndiyo iliyowapa hisia hiyo. Gwaride la kijivu ni taarifa kwamba gwaride lilifanyika. Gwaride lenye koti jekundu, dhahabu ya taji na vumbi la rangi ya chungwa linamfanya mtu aliyekaa kwenye kiti London aamini kwamba alikuwepo.

Na hapo kuna jambo la kuliangalia kwa makini, hasa sisi tuliotawaliwa na dola ileile. Durbar ilipangwa ili ionekane. Kamera ya Urban iliwekwa mahali palipopangwa, ikaandika utukufu uliopangwa, kisha mfumo uliojiita wa rangi za asili ukaipelekea Uingereza picha ya India iliyotulia na kung'aa. Tangazo lililosomwa siku ileile lilifuta mgawanyo wa Bengal, uliokuwa umepingwa kwa maandamano na migomo kwa miaka kadhaa. Migomo hiyo haikuwa na jukwaa wala okestra.

Hata hivyo, kamera ina tabia ya kunasa kisichopangwa. Mtawala wa Baroda, Sayajirao wa Tatu, alipokwenda kutoa heshima mbele ya Mfalme alilaumiwa kwamba aliinama harakaharaka, kisha akageuza mgongo. Magazeti ya Uingereza yakawaka. Tukio hilo lilikuwa limenaswa kwenye filamu, na watu wakaenda sinema kuhakikisha kwa macho yao: je, alidharau au hakudharau? Fikiria, mwaka 1912 watu wanabishana juu ya kipande cha video cha sekunde chache. Hatujabadilika sana.

Farasi mwenye mikia miwili

Sasa turudi kwenye vindege vyangu. Fremu nyekundu na fremu ya kijani hazikupigwa kwa wakati mmoja. Kati yao ilipita sehemu moja ya 32 ya sekunde. Ni muda mdogo sana, lakini piga hesabu. Tembo anayetembea kwa mita moja na nusu kwa sekunde anasogea chini ya sentimita tano. Farasi anayekimbia taratibu kwa mita nne kwa sekunde anasogea sentimita 12 na nusu. Kwa hiyo tembo anatoka vizuri, na farasi anatoka na ukingo mwekundu upande mmoja na wa kijani upande wa pili, kama ana mikia miwili. Gwaride la taratibu lilikuwa rafiki wa Kinemacolor. Mbio za farasi zilikuwa adui.

Vichujio navyo vinakula mwanga. Nusu ya jua inaishia kwenye kichujio kabla haijafika kwenye filamu, na bado kila fremu ilipata muda mfupi maradufu. Kwa hiyo Kinemacolor ilitaka jua kali la nje. Ukiangalia orodha ya kazi zake kubwa, gwaride, mazishi ya kifalme, ujenzi wa Mfereji wa Panama, utaona kwamba teknolojia yenyewe ilikuwa inamchagulia Urban habari za kuonyesha: ziwe nje, ziwe mchana, ziwe za mwendo wa pole.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye historia humsahau, naye ni mwendesha projekta. Rangi yote ilikuwa mikononi mwake. Filamu ikikatika, naye akaiunga kwa kuondoa fremu moja badala ya mbili, mpangilio wote unageuka: fremu nyekundu inapita na kichujio cha kijani, na ya kijani na kichujio chekundu. Nyasi zinakuwa nyekundu na nyuso za watu zinakuwa kijani. Na kila ukumbi uliotaka Kinemacolor ulihitaji projekta yake maalumu. Huwezi kuichukua rili ukaipeleka kwenye sinema yoyote ya mtaani.

Bluu ilipopelekwa mahakamani

Lakini kilichoiangusha Kinemacolor kisheria ni bluu. William Friese-Greene, mvumbuzi aliyekuwa na mfumo wake wa rangi mbili, pamoja na waliomuunga mkono, waliipinga hataza ya Smith. Hataza ni mapatano: wewe unaeleza uvumbuzi wako kwa ukamilifu, dola inakupa haki ya kuutumia peke yako kwa muda. Ukiahidi kisichotimia, mapatano yanavunjika. Smith alikuwa ameandika kwamba mfumo wake unatoa rangi za asili. Wapinzani wakauliza swali ambalo mtoto wa shule angeweza kuliuliza: anga lina rangi gani?

Kwa nyekundu na kijani unaweza kupata chungwa, njano, kahawia, na weupe wa aina fulani. Rangi ya ngozi ya mtu inatoka vizuri. Bluu halisi huwezi kuipata, kwa sababu hukuiandika na wala huirushi ukutani. Mwaka 1913 hakimu wa kwanza alimpa Smith ushindi. Mwaka 1914 mahakama ya rufaa ikamnyang'anya, na mwaka 1915 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likathibitisha hukumu hiyo. Hataza ikafutwa.

Mimi huwa nalifikiria sana suala hili. Watazamaji wa Scala walikaa saa mbili na nusu bila bluu na wengi waliridhika. Ubongo huziba mapengo. Kijivu kilichowekwa karibu na chungwa huonekana kama kina ubluu. Lakini kuridhika kwa mtazamaji si kipimo cha ukweli wa picha. Hilo mahakama ililiona, na mtu yeyote anayetengeneza picha za kisayansi anapaswa kuliona pia.

Rangi inahama kutoka ukumbini kuingia kwenye filamu

Waliofuata walijifunza. Kampuni ya Technicolor nchini Marekani nayo ilianza kwa njia ya vichujio kwenye projekta, filamu yake ya kwanza ikiwa The Gulf Between ya mwaka 1917, na ikaona mateso yaleyale ya kulinganisha picha ukutani. Ikaamua kuhamisha rangi: iingizwe ndani ya filamu yenyewe, kiwandani, ili mwendesha projekta asihitaji kujua lolote. Mwaka 1922 ikatoa The Toll of the Sea kwa njia hiyo, bado rangi mbili. Mwaka 1932, kwenye katuni ya Flowers and Trees, bluu ikarudi na rangi zikawa tatu.

Ila habari za sinema zilibaki za weusi na weupe kwa miaka mingi zaidi, kwa sababu rangi ilikuwa ghali na ilichelewa maabara, na habari haisubiri. Rangi ikawekewa matukio makubwa tu. Elizabeth wa Pili, aliyepata ufalme mwaka 1952 akiwa Kenya, alipotawazwa mwaka 1953 Waingereza walimwona kwenye televisheni kwa weusi na weupe siku ileile. Waliotaka rangi walikwenda sinema baadaye kuangalia A Queen Is Crowned, filamu ya Technicolor. Habari walikuwa nayo, wakalipia rangi. Ni biashara ya Scala ileile.

Kilichobaki

Ya Delhi imebaki kidogo sana. Mwaka 2000 rili moja, inayoonyesha gwaride la majeshi, ilipatikana kwenye hifadhi ya filamu ya Krasnogorsk nchini Urusi. Sehemu kubwa ya zile kilomita tano haipo.

Na hata ukibahatika kushika kipande cha Kinemacolor leo, ukikiweka kwenye projekta ya kawaida utaona filamu ya weusi na weupe inayopepesa. Hakuna rangi. Mtu asiyejua ataandika kwenye kopo "weusi na weupe" na kulirudisha rafuni, na hapo rangi itakuwa imekufa mara ya pili. Anayejua ataona kwamba koti la askari linakuwa angavu fremu moja na jeusi fremu inayofuata, atashtuka, atazipanga fremu mbilimbili kwenye kompyuta, azipake mwanga mwekundu na wa kijani, na Delhi itarudi. Lakini rangi atakayoipata inategemea vichujio atakavyochagua, na jinsi taa ya ukumbi ilivyokuwa. Kwa hiyo anachokirudisha ni makadirio mazuri, na anapaswa kusema hivyo.

Mimi nimejifunza kuandika pembeni ya kila picha ninayotengeneza: setilaiti gani, tabaka zipi, saa ngapi, nimezichanganya vipi. Kabla sijavijua vile vindege niliona maelezo hayo kama urasimu tu. Sasa naelewa kwamba bila hayo, mtu atakayeifungua picha yangu baada ya miaka hamsini atakuwa na kijivu mkononi.

Na vile vindege vitatu sikuvifuta. Vipo kwenye ramani ya kwanza ya ripoti yangu, na chini yake nimeandika kwamba ndege ni moja. Picha za Sentinel-2 ni za bure. Ukipata muda, tafuta uwanja wa ndege ulio karibu na kwenu, uangalie siku isiyo na mawingu. Ukiona vindege vya rangi vimefuatana, utajua unachokiangalia.